Nape iliyokatika mahali pa kukunja

Ninasema na wasikilizaji na wasomaji wa Kakontwe, pamoja na ninyi mliofika kwetu na godoro kichwani, mliopokelewa na jamaa au mnaopanga chumba kimoja watu wanane. Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya unga. Nataka kuwaeleza habari ya kitu kidogo, chembamba kama ukurasa wa daftari, ambacho kilikaribia kumpotezea mama mmoja mtoto wake mara ya pili.

Jina la mama sitaliandika. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze mambo yake, ili wengine wasifanye kosa alilotaka kufanya. Alifika hapa kartie yetu wakati wa mvua, pamoja na watoto watatu. Mtoto wake mkubwa, kijana wa miaka 17, walipotezana siku ya kukimbia. Mama alibeba telefone ya kukunja, zile zinazofunguka kama kitabu, vitufe chini na ekrani juu. Aliinunua sokoni ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ndani yake mlikuwa majina 41 ya watu: kijana wake, dada zake, mchungaji, majirani waliotawanyika. Hakuna hata namba moja aliyokuwa ameandika kwenye karatasi.

Siku moja ekrani ikawa nyeusi. Mama akaipeleka kwa fundi wa kwanza aliyemwona. Yule akaifungua na kuifunga, akasema karte-mere imekufa, lakini yeye anaweza kuinunua kwa franka chache apate vipande vya akiba. Mama alikuwa hana unga nyumbani. Alikaribia kukubali. Kabla ya kukubali akaja kwangu, kwa sababu ananisikia kwenye radio, na watu wengi wanafikiri mtu wa radio anajua mambo yote.

“Papa wa radio,” akaniambia, “minasikia inalia, lakini haionyeshe kitu. Bananiambia ilikufa. Sasa kintu yenye inalia, inakufa namna gani?”

Swali lile lilinishika. Niliikamata telefone, nikaanza kuifungua polepole, kama mtu anayefungua mlango usiku bila kutaka kuamsha watoto. Ilipofika katikati, ekrani iliwaka. Niliona saa, nikaona picha ndogo ya barua. Nilipoendelea kuifungua, ikazimika. Nikairudisha kidogo, ikawaka tena.

Hapo nilikumbuka dhambi yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kinasa sauti kidogo cha kazi, chenye ekrani ndogo kwenye kifuniko chake. Kiangazi kilipofika, na vumbi letu jekundu mnalijua, nilikifungua nikisafishe. Ndani niliona ukanda mwembamba wa rangi ya machungwa uliounganisha kifuniko na mwili. Ukanda ule haukutaka kulala. Kila nikifunga, unainuka. Basi niliukunja kwa ukucha, nikaupiga chapa kabisa, kama tunavyokunja barua kabla ya kuitia katika bahasha. Kifuniko kikafungika vizuri nami nikajisifu. Baada ya siku nane ekrani ilizimika. Nilisema kimekufa, nikakiuza kwa mnunuzi wa vyuma vya zamani.

Ndani ya kinasa sauti kile mlikuwa sauti ya mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Shituru. Mzee huyo amekwisha kufariki. Leo najua kwamba sauti yake ilikuwa mzima, kwa sababu kilichokatika ni ule ukanda tu. Sikutaka mama huyu afanye kama mimi.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa kijana mmoja anayetengeneza telefone upande wa Kikula. Kibanda chake ni meza moja, taa moja, lupe, turnevisi ndogondogo na chuma cha kusude. Hakukimbilia kusema kitu. Alimwomba mama aeleze telefone ilianza kuumwa namna gani: ilizimika mara moja, au ilianza kwa kuwaka na kuzimika? Mama akasema wiki mbili nzima ilikuwa inawaka na kuzimika. Kijana akatikisa kichwa, akafungua vis za nyuma, akaniita nitazame ndani ya lupe.

“Yaya, ona. Mama, haina karte-mere njo ilikufa. Ni nape.”

Mafundi wetu huita nape ule ukanda unaopita ndani ya bawaba na kupeleka umeme na picha kutoka karte-mere mpaka ekrani. Kwenye telefone hii ulikuwa na mistari 24. Chini ya lupe nilihesabu mitano yenye ufa, yote mahali pamoja, pale pale panapokunjika. Ukiwa umefungua nusu, ncha za ufa zinagusana na umeme unapita. Ukifungua kabisa, zinaachana. Hiyo ndiyo siri ya telefone inayolia bila kuonyesha.

Nikamuuliza kijana kwa nini watu waliotengeneza telefone hawakuweka waya za kawaida. Akacheka. Waya 24 haziwezi kupita katika bawaba yenye unene wa kalamu. Ndipo akanieleza namna nape inavyotengenezwa, na mimi ninawaeleza kama nilivyoelewa, pamoja na yale niliyosoma baadaye.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1903 mtu aitwaye Albert Hanson, aliyekaa Berlin, aliomba haki ya uvumbuzi Uingereza kwa ajili ya mistari bapa ya chuma iliyobandikwa juu ya karatasi yenye nta. Leo karatasi ile imebadilishwa na plastiki ngumu inayoitwa poliimidi, ndiyo yenye rangi ya machungwa, inayovumilia joto kali. Juu ya poliimidi wanabandika shaba nyembamba sana, mara nyingi microni 18, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa kama microni 70. Kisha wanatumia dawa kuondoa shaba isiyotakiwa, inabaki mistari tu. Juu yake wanafunika poliimidi nyingine. Nape nzima inakuwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita.

Shaba! Sisi wa Likasi tumezaliwa katikati yake. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929, na wazee wetu walisimama mbele ya mabafu ambamo umeme unakusanya shaba juu ya bamba, chembe kwa chembe. Mwaka 2024 nchi yetu ilikuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Malori yanapita barabarani kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na shaba inakwenda ng'ambo kupitia bandari kama Dar es Salaam na Durban. Siwezi kusema shaba ya telefone ile ilitoka kwetu. Lakini nilipoona ile mistari mitano chini ya lupe, nilifikiri: chuma tunachokitoa kwa tani na tani, leo mama analia kwa ajili ya kipande chake kisichofikia uzito wa punje ya mchele.

Tena si kila shaba inafaa kukunjwa kila siku. Kuna shaba inayokusanywa kwa umeme juu ya pipa linalozunguka, kwa njia inayofanana na ile ya Shituru. Chembe zake husimama wima, na ukiikunja mara nyingi ufa hupita katikati yao kwa urahisi. Kuna nyingine inayosukumwa na kukandamizwa kati ya magurudumu mpaka inakuwa jani, kisha inapashwa moto ili ilegee. Chembe zake hulala kwa urefu, na kwa sababu hiyo inavumilia zaidi. Anayechora nape ya bawaba huchagua hii ya pili, na anaipanga ili urefu wa chembe uende sawa na urefu wa mistari.

Sasa jambo la kukunja. Ninyi mliotembea na godoro mtaelewa haraka kupita mimi. Kunja godoro la sponji. Upande wa nje unavutika mpaka kitambaa kinataka kupasuka. Upande wa ndani unajikusanya na kufanya mikunjo. Lakini katikati ya unene wake kuna mahali pasipovutwa wala kukandamizwa. Mchoraji mwenye akili anaweka shaba pale katikati: poliimidi chini, poliimidi ya unene uleule juu, shaba ndani. Akiiacha shaba juu bila kifuniko, kila mkunjo utaivuta.

Halafu kuna kipimo cha mviringo. Tuseme nape ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiizungusha kwenye mviringo wenye nusukipenyo cha milimita 1, uso wake wa nje unavutika kwa asilimia 5. Ukiizungusha kwenye mviringo wa milimita 10, unavutika kwa nusu ya asilimia 1 tu. Ndiyo sababu wachoraji wengi wana kanuni hii: nape inayokunjwa mara moja kiwandani na kukaa hivyo, mviringo wake uwe kama mara 10 ya unene, nape itakayokunjwa kila siku, uwe kama mara 100. Mimi na ukucha wangu nilifanya mviringo karibu sawa na unene wenyewe. Niliivunja siku ileile niliyojisifu. Zile siku nane zilikuwa za kungoja tu.

Sisi tuliokua Likasi tulipaswa kulijua jambo hili tangu utoto. Tulitengeneza magari ya waya. Nani alikuwa na koleo? Ukitaka kukata waya, unaukunja huku, unaukunja kule, unapata joto chini ya vidole, halafu unakatika wenyewe. Telefone ya kukunja inafanya vilevile, polepole. Mtu anayeifungua mara 50 kwa siku, kwa mwaka mmoja ameikunja zaidi ya mara 18.000.

Kijana alinionyesha alama nyingine za kazi nzuri katika nape. Mistari inavuka mahali pa kukunja ikiwa imenyooka, haikati kona pale. Kona zake, zikiwapo, ziko mbali na bawaba na ni za mviringo, kwa maana ufa unapenda kuanzia kwenye pembe kali. Hakuna tundu mahali pa kukunja. Kama kuna tabaka mbili za shaba, mistari ya juu haikai moja kwa moja juu ya ile ya chini. Inapishana, la sivyo inakuwa ngumu kama nguzo. Kwenye ncha, pale nape inapoingia katika kishikio, wanabandika kibamba kigumu ili isipinde wakati wa kuichomeka.

Na kwa sababu ndani ya bawaba hakuna nafasi ya mviringo wa milimita 10, wanaizungusha nape mara moja au mbili kuizunguka bawaba, kama nyoka aliyejiviringisha kwenye tawi. Telefone ikifunguka, nyoka analegea kidogo. Ikifungwa, anakaza kidogo. Hakuna sehemu moja inayobeba mzigo wote peke yake.

Hapo ndipo tulipoona ugonjwa wa telefone ya mama. Mtu fulani aliwahi kuifungua kabla yake, labda kubadilisha kifuniko. Alipoirudisha hakumzungusha nyoka. Aliivuta nape ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo, akafunga. Ilifanya kazi miezi kadhaa, kisha ikakatika ikiwa mkononi mwa mtu asiye na kosa.

Kijana hakuwa na nape ya namna hiyo. Ilipaswa kutafutwa Lubumbashi, kilometa kama 120, katika telefone zilizokufa. Akakataa kusude waya ndogo juu ya mistari iliyokatika. Alisema shaba ni nyembamba sana, akikosea kidogo chuma cha moto kitaibandua, tutapoteza hata mistari 19 iliyobaki. Badala yake akafanya jambo ambalo hata mimi nisingelifikiria. Aliifungua telefone mpaka katikati, pale ekrani inapowaka, akakata kipande cha katoni, akakiweka chini ya kifuniko kama kabari, akakifunga kwa skochi.

“Yaya, andika sasa. Mama, usiiguse meza.”

Wapendwa, mkono wangu umeandika mambo mengi, lakini sijapata kuandika kwa hofu kama ile. Majina 41. Mara mbili ekrani ilizimika, na mara mbili kijana aliisogeza katoni kwa ncha ya turnevisi mpaka ikawaka. Mama alikuwa anasoma jina, kijana anasoma namba, mimi ninaandika na kurudia kwa sauti. Tulimaliza baada ya kama dakika 40. Nikampa mama daftari. Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Wazee wa Likasi wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati familia nyingi zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Katanga na kulala kwenye stesheni ya mji wetu zikingoja treni. Siku zile hakukuwa na telefone mfukoni. Aliyepotea alitafutwa kwa mdomo, behewa kwa behewa. Leo tunafikiri mambo ni rahisi kwa sababu majina yako mfukoni. Lakini tumeyaweka yote nyuma ya mistari michache ya shaba inayokunjwa kila siku.

Namba ya kijana wa mama haikupatikana. Tuliita siku ile, tukaita kesho yake, hakuna. Mama hakulia, alisema tu: “Tuendelee chini.” Tukaendelea chini ya orodha. Jina la 26 lilikuwa Tantine, bila jina lingine. Siku ya tatu Tantine alijibu. Kijana alipita kwake, akakaa wiki mbili, akapanda lori kwenda Lubumbashi. Anabeba mizigo sokoni. Telefone yake iliibwa njiani, ana namba nyingine. Tantine aliitaja polepole, nami nikaiandika kama namba ya 42.

Jumapili jioni waliongea. Sikusikiliza, nilitoka nje. Watoto wadogo walibaki ndani na nilisikia kelele zao tu.

Nape ilifika baada ya siku kumi, kutoka telefone iliyokufa. Kijana wa Kikula aliiweka mbele yetu. Aliinua kwanza kifungo kidogo cha kishikio, hakuivuta kwa nguvu. Alisafisha meno ya kishikio kwa alkoli. Aliizungusha nape kuizunguka bawaba mara moja na nusu, akafungua na kufunga telefone bila vis, akitazama kama inateleza bila kukwaruza. Kisha tu akafunga. Mama alimwita “mwanangu” na kumpa nusu ya bei. Nusu nyingine atalipa mwisho wa mwezi.

Basi, kwa wale ambao telefone ndiyo mlango wao wa kurudi kwa jamaa, naomba mfanye haya. Leo usiku, kabla ya kulala, andikeni namba tano za muhimu kwenye karatasi na kuiweka mahali pakavu. Telefone ikilia bila kuonyesha, au ikiwaka ukiigeuza na kuzimika ukiinyoosha, usikubali haraka kwamba imekufa. Mwombe fundi akuonyeshe nape kwa lupe, macho yako yaone ufa. Toa karte SIM kabla ya kuiacha kwake, na kumbuka kwamba majina mengine yamekaa ndani ya telefone, siyo ndani ya karte SIM. Ukifungua mwenyewe kifaa chochote, hata radio ndogo ya sola, usikunje nape kwa ukucha, wala usiifute kwa petroli. Ikiwa haitaki kulala, ujue kuna njia iliyopangwa ipitie, itafute.

Na ninyi mafundi vijana, ambao wengine wenu mmejifunza kazi hii kambini au barabarani bila darasa: kurudisha nape kama ilivyochorwa ni sehemu ya kazi, hata kama mteja haoni. Atakayelipa kosa lenu ni mtu msiyemjua, miezi sita baadaye.

Mama sasa hufungua telefone yake kwa mikono miwili. Daftari liko chini ya godoro. Nilimwomba nitazame kama niliandika vizuri namba ya 42, akakataa kulitoa. Alisema anaijua kwa moyo.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Kakontwe. Mlale vizuri.